Jinsi ya kusoma kuzaliwa kwa mabara ya kwanza ndani ya jiwe

Dunia ina miaka bilioni 4.54. Mwamba mkongwe ambao wataalamu wengi wanaukubali bila ubishi, naisi (mwamba wenye mistari uliobadilishwa na joto na mgandamizo) ya Acasta huko kaskazini-magharibi mwa Kanada, una miaka bilioni 4.03. Nyuma ya hapo tumebakiwa na vichembe tu: zirkoni, yaani fuwele ndogo za madini magumu, za Jack Hills, Australia Magharibi, zilizochukuliwa na maji kutoka kwenye miamba iliyokwisha kupotea na kuzikwa ndani ya mchanga ambao nao ukageuka mwamba. Kongwe kati yake ina bilioni 4.4.

Kazi ya kuchimbua habari za mabara ya mwanzo inafanyika kwa mawe na vichembe hivyo, na inawezekana kuianzia Geita au Mwanza, maana Kratoni ya Tanzania ni kipande halisi cha bara la kale. Mwongozo huu unapita hatua zake kutoka porini hadi kwenye hesabu. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: umri unajibu swali la lini, basi. Swali la bara lilitengenezwaje linajibiwa na kemia ya mwamba, na swali la lilitengenezwa kutokana na nini linajibiwa na elementi za hafni na oksijeni zilizomo ndani ya zirkoni. Vipimo hivyo vyote vitoke kwenye jiwe moja, vinginevyo utaunganisha visa vya miamba tofauti na kupata historia ambayo haikutokea.

Unatafuta nini hasa

Mantili, yaani tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda la Dunia, ikiyeyuka inatoa basalti, mwamba mweusi wa volkano, na basalti peke yake haijengi bara. Ni nzito, gramu 3.0 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, nayo huishia kuwa sakafu ya bahari. Ili bara lizaliwe inabidi basalti iyeyushwe mara ya pili. Kwanza iingiwe na maji ya bahari, madini yake yageuke kuwa amfiboli ambayo hubeba maji ndani yake. Kisha ishuke kilomita 35 au zaidi na kupashwa joto la nyuzi 800 hadi 1000 za Selsiasi. Hapo sehemu yake tu huyeyuka, na ule uji unaotoka una silika nyingi, sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Ukipanda na kuganda unakuwa tonaliti, trondjemiti au granodioriti, miamba mitatu ndugu ambayo wanajiolojia huiita kwa kifupi TTG. Uzito wake ni gramu 2.7 hivi, kwa hiyo inaelea juu ya mantili na hairudi chini kirahisi.

Maji ndiyo sharti. Basalti kavu inahitaji joto kubwa zaidi kuyeyuka na haitoi TTG kwa wingi. Dunia changa pia ilikuwa na joto kuliko hii yetu: miaka bilioni 3 iliyopita joto litokanalo na urani, thori na potasiamu lilikuwa takriban mara mbili ya la leo, ndiyo maana kiasi kikubwa cha basalti kiliweza kuyeyuka namna hiyo, jambo ambalo siku hizi hutokea kwa nadra.

Kuchagua jiwe

Anza na ramani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma, ina ramani za jiolojia za robo digrii, na hizo ndizo za kutembea nazo. Tafuta maeneo yaliyoandikwa naisi au graniti yenye tabaka, hasa yanayopakana na mikanda ya mawe ya kijani, yaani basalti ya kale iliyobadilika pamoja na miamba ya chuma yenye mistari. Sukumaland kuna mikanda hiyo, na Migori upande wa Kenya vilevile.

Mtego wa kwanza uko hapahapa. Mawe makubwa ya graniti yanayopendeza kuzunguka Mwanza, yale yenye feldspari za waridi zenye ukubwa wa sentimita mbili tatu, siyo unayoyataka. Graniti za aina hiyo zina potasiamu nyingi, zilizaliwa kati ya miaka bilioni 2.7 na 2.6 iliyopita, na zinaonyesha bara likiwa limeshakuwepo: TTG yenyewe ilipashwa joto na kuyeyushwa tena. Unayoyataka ni mawe ya kijivu yasiyovutia jicho, yenye mistari myembamba ya kwatzi na plajioklezi nyeupe ikipishana na mistari ya biotaiti au hornblendi nyeusi. Feldspari ya waridi iwe haipo au iwe haba sana.

Ukilipata, usivunje popote tu. Naisi za kale zimepigwa na mishipa ya graniti mara nyingi, na kipande chenye aina mbili ndani yake kitakupa umri wa aina mbili bila kukuambia upi ni wa nani. Chagua sehemu yenye upana wa angalau nusu mita isiyo na mshipa hata mmoja. Ondoa gamba lililooza mpaka ufikie jiwe linalolia likigongwa nyundo. Chukua kilo 5 hadi 10 kwa ajili ya zirkoni, na kilo 1 au 2 pembeni kwa ajili ya kemia. Piga picha jiwe kabla na baada, andika majira ya GPS, uelekeo wa mistari na mwinamo wake. Kama vipimo vitafanyika nje ya nchi, shughulikia mapema kibali cha Tume ya Madini cha kusafirisha sampuli.

Kusaga na kutoa zirkoni

Kishawishi kikubwa kwa mtu aliyeko kanda ya ziwa ni kulipeleka jiwe kwenye karasha la wachimbaji wadogo, maana liko jirani na bei yake ni nafuu. Usifanye hivyo. Karasha lililosaga tani na tani za mawe ya mashimo mbalimbali lina zirkoni za kila mahali zilizojibanza kwenye meno yake, na chembe moja ya kigeni inatosha kukupa tarehe ya ajabu utakayoishangilia bure. Tumia mashine ya maabara inayofunguka, isuguliwe kwa brashi ya waya, ipulizwe kwa upepo, kisha isage kwatzi safi ya kutupa kabla ya sampuli yako. Chekecheo liwe kitambaa kipya cha nailoni kwa kila sampuli, kikishatumika kinatupwa.

Saga hadi unga upite kwenye tundu za mikroni 300. Zirkoni nyingi za TTG zina urefu wa mikroni 50 hadi 300, kwa hiyo ukisaga zaidi ya hapo unazivunja. Kuosha kwa karai kunafaa kabisa, na mwenye mkono uliozoea kuchenjua dhahabu ataliweza kuliko mwanafunzi wa mwaka wa nne: zirkoni ina uzito wa 4.6, kwatzi 2.65, zinatengana upesi. Tofauti moja ni kwamba mchenjuaji anatafuta kilicho kizito kuliko vyote na kuachia kilichobaki kiende. Wewe simama mapema, zirkoni ndogo zisitoke na maji.

Kinachobaki kikaushwe, kipitishwe kwenye sumaku ya mkono kuondoa magnetaiti, kisha kwenye sumaku ya umeme ikipandishwa hatua kwa hatua. Usipandishe haraka mpaka mwisho. Zirkoni zenye chuma kidogo na nyufa huvutwa kwenye mkondo wa juu, na ukibaki na zile zisizovutwa kabisa umejichagulia zilizo safi. Kwa mwamba ulioganda kutoka kwenye magma ni vizuri, kwa mchanga wa kale ni upendeleo unaoharibu hesabu. Mwisho tumia kimiminika kizito cha uzito wa 3.3: apataiti yenye 3.2 itaelea, zirkoni itazama. Hiki ni sumu, kitumike chini ya kifyonza hewa na glavu zikiwa mkononi.

Chini ya hadubini chagua chembe 100 au zaidi kwa sindano. Jicho linapenda ndefu, nyangavu na nzuri. Chukua na zile za hudhurungi na zilizopondeka, hasa kama unatafuta viini vya kale. Ukishughulika na mchanga uliogeuka mwamba, kama ule wa Jack Hills, usichague kabisa: mimina bila kuangalia, na upime chembe zisizopungua 117. Idadi hiyo inatokana na hesabu ya uwezekano. Ndiyo inayokupa uhakika wa asilimia 95 kwamba hakuna kundi la umri lenye asilimia 5 au zaidi ya chembe zote ulilolikosa. Kwa TTG moja, kupima chembe 30 hadi 40 kati ya ulizochagua kunatosha.

Kemia ya mwamba mzima

Hapa ndipo kina cha kuyeyuka kinaposomeka, na hapa ndipo wengi wanapotea bila kujua.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Basalti inapoyeyuka kwenye kina kirefu, madini ya garneti yanabaki chini na kushikilia elementi za ytri na itebi. Plajioklezi nayo haipo kwenye kina hicho, kwa hiyo stronti inatoka yote na magma. Matokeo yake mwamba uliotoka kina kirefu una stronti nyingi na ytri kidogo. Madini ya rutili yakiwepo chini, elementi za niobi na tantali nazo zinabaki. Kwa kusoma viwango hivyo TTG hugawanywa katika makundi matatu: zilizotoka kwenye mgandamizo wa kilobari 10 hadi 12, zilizotoka kama 15, na zilizotoka 20 au zaidi. Kilobari 10 ni kama kilomita 35 za kina.

Kabla ya kusoma chochote hakikisha jiwe ni TTG kweli. Silika iwe zaidi ya asilimia 64, kwa kawaida inakaribia 70. Oksaidi ya sodiamu iwe kati ya asilimia 3 na 7. Potasiamu ikigawanywa kwa sodiamu, zote zikiwa oksaidi, jibu liwe chini ya 0.5. Likizidi 1 umeokota graniti ya baadaye, rudi porini.

Sasa makosa. Ukisaga sampuli ya kemia kwenye kinu cha tungsteni kabaidi, kinu kitaiachia tantali yake, na tantali ni mojawapo ya vipimo unavyovitegemea. Tumia kinu cha akiki. La pili ni baya zaidi: ukiyeyusha unga kwa asidi kwenye kikombe kilicho wazi, zirkoni na garneti hazitayeyuka zote, na itebi iliyomo ndani yake itabaki chini ya kikombe. Mashine itasoma itebi kidogo kuliko iliyopo, uwiano wa lantani kwa itebi, ambao nao husomwa kama dalili ya kina, utapanda, nawe utatangaza kina cha kilomita 70 ambacho hakikuwepo. Yeyusha unga pamoja na borati ya lithi kwanza, ndipo uingize kwenye asidi. Mtihani wa haraka ni zirkonimu: ipime kwa mionzi ya eksirei na kwa njia ya asidi. Namba zikipishana sana, kuna kitu hakikuyeyuka.

La tatu linatoka kwenye mwamba wenyewe. Magma ikikusanya fuwele za plajioklezi, stronti inapanda hata kama kina kilikuwa kifupi. Angalia europi: ikizidi majirani zake wawili, samari na gadolini, kwa kiasi kikubwa, shuku mkusanyiko huo na usiseme lolote kuhusu kina.

Kuziangalia zirkoni kabla ya kuzipima

Panga chembe kwenye gundi ya eposi, duara la milimita 25, pamoja na zirkoni za kulinganishia zinazojulikana umri. Sugua hadi nusu ya kila chembe iondoke, ung'arishe, kisha upige picha za mwanga unaotoka zirkoni ikipigwa na elektroni. Picha hizi si pambo. Zirkoni iliyokua ndani ya magma inaonyesha pete nyembamba zilizofuatana kama za kitunguu kilichokatwa katikati. Iliyokua baadaye wakati mwamba unapikwa haina pete, au ina ukungu tu pembezoni. Mara nyingi utaona vyote viwili katika chembe moja: kiini chenye pete zilizokatika ghafla, halafu gamba jingine juu yake.

Kiini hicho kinaweza kuwa cha mwamba mwingine uliomezwa na magma. Ndani ya naisi ya Acasta kuna kiini cha zirkoni chenye miaka bilioni 4.2. Hakibadilishi umri wa naisi. Kinasema tu kwamba ganda la zamani zaidi lilikuwepo jirani na likayeyushwa. Kwa hiyo weka alama kwenye picha, kila doa la kupimia likiwa ndani ya eneo la aina moja. Doa likigusa kiini na gamba kwa pamoja linatoa wastani wa tarehe mbili, na wastani huo si tarehe ya tukio lolote.

Kama utapima oksijeni, hafni na umri kwenye chembe moja, mpangilio ni oksijeni kwanza, umri wa pili, hafni mwisho. Mashine ya umri ya aina ya SHRIMP, iliyobuniwa Canberra, hupiga chembe kwa mwale wa oksijeni, kwa hiyo ukiitanguliza umeichafua chembe kwa kitu kilekile unachotaka kukipima. Hafni hupimwa kwa leza inayochimba shimo kubwa, ikishapita hakuna kilichobaki cha kurudia.

Hesabu ya umri

Zirkoni inapoganda hupokea urani na kuikataa risasi. Risasi yote unayoikuta ndani, ukiacha uchafu mdogo, imezaliwa humo. Urani-238 huwa risasi-206, nusu-maisha yake miaka bilioni 4.47; urani-235 huwa risasi-207, nusu-maisha miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya chembe moja, na faida yake ni kwamba zinakaguana.

Chukua doa lenye risasi-206 kwa urani-238 ya 0.508, na risasi-207 kwa risasi-206 ya 0.1798. Saa ya kwanza inasema bilioni 2.65. Ya pili, inayosomwa hapa kupitia uwiano wa risasi hizo mbili, pia inasema bilioni 2.65. Zimekubaliana, tarehe inaaminika. Sasa doa la jirani lina uwiano uleule wa 0.1798, lakini risasi-206 kwa urani-238 ni 0.42. Saa ya kwanza inasema 2.26, ya pili bado 2.65. Tofauti ni karibu asilimia 15, maana yake risasi imevuja. Ikiwa ilivuja siku za karibuni, kwa kuoza kwa jiwe juu ya ardhi, uwiano wa risasi mbili haukuguswa na 2.65 bado ni sahihi. Ikiwa ilivuja zamani, wakati mwamba unapikwa, hata 2.65 ni pungufu. Doa moja haliwezi kukuambia lipi kati ya hayo lilitokea. Madoa mengi yakiunga mstari mnyoofu kwenye grafu ya saa mbili yatakuonyesha. Wengi hutupa doa lolote linalozidi asilimia 10, na kwa miamba ya kale kiasi hiki ni ukarimu. Mimi ningeshika 5 pale chembe zinaporuhusu.

Uvujaji unasababishwa zaidi na urani yenyewe. Mionzi yake huvunjavunja mpangilio wa fuwele kwa miaka bilioni kadhaa, na sehemu iliyovunjika hupitisha maji. Kwa hiyo weka madoa kwenye sehemu zenye urani kidogo, na kama una njia ya kuyeyusha chembe nzima, zichome kwanza kwa nyuzi 900 kwa saa 48 au zaidi, kisha zitumbukize kwenye asidi ya haidrofloriki kwa muda: sehemu mbovu huyeyuka kwanza, nzima hubaki.

Hafni na oksijeni

Hafni inasema kama magma ilitoka kwenye basalti mpya au kwenye ganda lililokwisha kukaa. Matokeo huandikwa kwa kulinganishwa na vimondo vya kale: namba chanya ni dalili ya malighafi iliyotoka mantili karibuni, hasi ni ganda kuukuu lililoyeyushwa tena. Zirkoni nyingi za Jack Hills ni hasi.

Hesabu hii inategemea umri uliouingiza. Ukikosea umri kwa miaka milioni 100, namba inahama kwa 2.2 hivi. Rudi kwenye doa letu lililovuja: ukitumia 2.26 badala ya 2.65, chembe yenye +4 itasomeka karibu −4.6. Ganda jipya litakuwa limegeuzwa kuwa kuukuu kwa kosa la mezani.

Oksijeni ni rahisi zaidi kusoma. Zirkoni iliyolingana na mantili ina 5.3 kwa kipimo cha oksijeni-18, ikicheza 0.6 juu au chini. Ikipita 6.5, malighafi yake iliguswa na maji kwenye joto dogo juu ya ardhi kabla ya kuzikwa. Baadhi ya zirkoni za Jack Hills zinavuka 7, na ndiyo hoja kubwa ya kuwepo kwa maji ya kimiminika zaidi ya miaka bilioni 4.2 iliyopita. Kagua kwanza kwamba doa halikukaa juu ya ufa, maana maji ya baadaye huingia hapohapo.

Ilishukaje chini

Vipimo vyote hivi vitakupa tarehe, kina na malighafi. Havitakuambia basalti ilifikaje kilomita 35 au 50 chini. Wapo wanaosema bamba moja la ganda la Dunia lilizama chini ya jingine kama leo. Wengine wanasema basalti ilirundikana juu ya basalti mpaka chini yake kukayeyuka. Kemia ya TTG inakubali zote mbili, kwa hiyo usiitumie peke yake kama ushahidi wa bamba kuzama.

Ushahidi mzuri zaidi uko porini. Pilbara, Australia, kuna makuba ya graniti yenye upana wa makumi ya kilomita, na katikati yake mawe ya kijani yamebanwa kwenye mabonde membamba. Huko graniti nyepesi ilipanda na basalti nzito ikazama pembeni yake, wima. Kwenye eneo lako pima uelekeo wa mnyooko wa madini kwenye mpaka wa graniti na mawe ya kijani, kila mita mia kadhaa kuzunguka kuba zima, na uichore kwenye ramani kama mishale. Mishale ikishuka karibu wima na kuelekea katikati ya bonde la mawe ya kijani, mwendo ulikuwa wa kupanda na kuzama. Ikilala na kuelekea upande mmoja kwa kilomita nyingi, kitu kilisukumwa juu ya kingine, na hapo hoja ya mabamba ina pa kushika.